Redio ya Muheza na Tivii ya Rosettenville: Nani Alibadilisha Chungu?



Wengi wetu tuliosoma historia ya ukombozi tunaijua Rosettenville kwa ajili ya Trevor Huddleston, yule padri wa Kianglikana wa shule ya St Peter's, alikosoma Hugh Masekela na alikofundisha Oliver Tambo, kabla padri mwenyewe hajaja kwetu kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1960. Mimi naijua kwa jiko. Nimepanga nyumba hapa, kusini mwa Johannesburg, na jambo ninalotaka kulizungumza leo ni dogo kwa sura lakini limenigusa mwilini. Hivi vipindi vya mapishi vya televisheni vimetufundisha kula vizuri majumbani? Jibu langu ni hapana, na nadhani historia inaeleza kwa nini.

Tuanze na mwaka 1975. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na televisheni. Serikali ya makaburu iliogopa yatakayoingia kupitia kile kioo, na waziri Albert Hertzog aliipiga vita miaka yote ya 1960. Matangazo rasmi yalianza tarehe 5 Januari 1976. Sisi Tanzania Bara nasi hatukuwa nayo, ila kwa sababu tofauti kabisa: serikali ya Mwalimu iliona ni anasa kwa nchi maskini. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara tukasubiri hadi 1994. Serikali mbili zilizokuwa maadui wa kufa na kupona, kumbe zote mbili ziliwanyima watu wake tivii!

Lakini angalia kila mmoja alifanya nini. Tanzania ilishika redio. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyokusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nilikuwa na miaka minane, kijijini kwetu Muheza. Mama alikwenda kikundini na kanga yake begani, nami nyuma. Redio ilisema kwa muda mfupi, ikazimwa, halafu kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, kisha watu wakabishana. Nani ana mchicha? Kwa nini mayai tunayauza yote? Mwisho wanakubaliana kufanya kitu, na wiki inayofuata unaulizwa mbele ya wenzako kama umekifanya. Sikumbuki sauti ya mtangazaji hata kidogo. Nakumbuka mama alivyorudi nyumbani akapanda mchicha nyuma ya jiko.

Mwaka huohuo wa 1975 Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni na Angola tarehe 11 Novemba, na Wareno wengi waliokuwa huko wakahamia Johannesburg. Vitongoji hivi vya kusini, Rosettenville ikiwemo, vikawa vyao. Walikuja na kuku wa kuchoma kwa mkaa, aliyepakwa pilipili, neno letu ambalo wao wanalitamka piri-piri. Mwaka 1987 Fernando Duarte alimleta rafiki yake Robert Brozin kula katika mgahawa mmoja wa hapa ulioitwa Chickenland. Wakaununua, na ndio ukawa Nando's inayojulikana leo London na kwingineko. Kuku yule hakufundishwa na kipindi chochote. Alifika na watu waliokuwa wakimpika tayari.

Na televisheni je? Miaka yake ya kwanza ilisema Kiingereza na Kiafrikana tu. Idhaa za lugha za Waafrika zilianza 1982. Rosettenville yenyewe kisheria ilikuwa eneo la wazungu mpaka sheria ya kugawa makazi kwa rangi ilipofutwa 1991. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za aina hii aliyekaa sebuleni kutazama hakuwa yule aliyeshika mwiko jikoni. Hapo ndipo penye mzizi wa fitina: tangu mwanzo, kutazama na kupika vilikuwa kazi za watu wawili.

Siku hizi hali imebadilika, ila mgawanyo huo umebaki kwa namna nyingine. Philip Harben alipoanza kupika kwenye BBC mwaka 1946, Uingereza ilikuwa ingali kwenye mgao wa chakula, na somo lilikuwa namna ya kupika kwa kilichopo. MasterChef ya Afrika Kusini ilipoanza 2012, somo lilikuwa mashindano. Sitaki kuwa mchoyo: Siba Mtongana, aliyepata kipindi chake mwaka 2013, amewapa mabinti wengi wa Kiafrika fahari ya kushika kisu mbele ya dunia, na hilo si dogo. Lakini fahari si lishe. Utafiti uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2012 ulilinganisha mapishi 100 ya wapishi wa televisheni wa Uingereza na vyakula 100 vya pakiti vya dukani. Hakuna hata kimoja kilichotimiza mapendekezo yote ya Shirika la Afya Duniani, na ya wapishi yalizidi kwa mafuta. Mwaka 2016 utafiti wa kitaifa wa afya hapa Afrika Kusini ulikuta asilimia 68 ya wanawake wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na asilimia 31 ya wanaume. Vipindi vya mapishi havikuwa vimekosekana.

Mwaka huohuo wa 2016, kimyakimya, zilianza kutumika kanuni za kupunguza chumvi katika mkate na vyakula vingine vya viwandani. Mwaka 2018 ikaja kodi ya vinywaji vya sukari. Mama anayetoka kazini saa moja usiku na kununua mkate kwa haraka amepunguziwa chumvi bila kutazama kipindi chochote.

Nasema haya kwa sababu mwaka 2019 daktari aliniambia nina sukari. Jumamosi zetu zilikuwa za tivii. Mke wangu aliandika mapishi kwenye daftari, Jumapili tunakula kuku wa malai na siagi, nami, pamoja na PhD yangu, nikiamini kwamba kwa kuwa tumepika wenyewe basi ni chakula bora. Lililotutoa huko ni jirani, mama mmoja wa Bukavu. Alianza kuja jikoni kwetu na sombe, ambayo mimi naiita kisamvu, wakawa wanapika pamoja na mke wangu, wakibishana mafuta kiasi gani na fufu kubwa kiasi gani. Wiki inayofuata anauliza, "Baba alikula? Alitembea?" Nikashtuka. Hiki ni kikundi cha Muheza, kimekuja kunikuta ukubwani.

Sisemi turudi 1975. Kampeni zile zilisukumwa na dola, na ilipochoka, vikundi vilikufa. Ila naona tulipopata televisheni tulifurahia picha tukasahau sehemu iliyokuwa ikifanya kazi: kuzima chombo, kuzungumza, kisha kuulizwa. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Mchicha nimeupanda hapa nyuma ya nyumba, na baridi ya Johannesburg huuchoma kila Juni. Septemba naupanda tena.

Ni hayo tu. Wenye kumbukumbu za vikundi vile vya redio, hasa kina mama, msizinyamazie.