Fedha za Kulinda Maji na Kukauka kwa Ruaha Mkuu, 1993–2008
Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya Usangu mkoani Mbeya, ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, Iringa, mnamo 1993. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi jijini London kwamba kufikia 2010 ungetiririka mwaka mzima. Mkopo wa Benki ya Dunia, ulioanza 1996, ulijenga mabanio ya zege na kuimarisha ada za maji. Hapo ndipo penye utata: banio jipya liliteka maji hata ya kiangazi, na mkulima aliyelipia kibali aliona ameyanunua. Hata hivyo, lawama walibebeshwa wafugaji. Waliondolewa Ihefu kuanzia 2006. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi. Mabanio yalibaki, na mto uliendelea kukauka.