Akiba Iozayo: Sinema za Kale za Japani

Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, historia ya sinema za Japani yatufunza kwamba ipo akiba iozayo, tena iunguayo.

Wajapani huziita jidaigeki zile sinema zisimuliazo maisha ya zama zilizotangulia mwaka 1868, ulipokoma utawala wa majemadari walioitwa shogun. Mwaka 1951 Rashomon, kazi ya Akira Kurosawa, ilipata tuzo kuu mjini Venice, na wengi ng'ambo wakadhani wanaushuhudia mwanzo wa sanaa hiyo. Kumbe ilikwisha kustawi tangu miaka ya 1920, na sehemu kubwa ya kazi zake za awali ilikuwa imepotea. Utepe wa siku hizo ulikuwa wa nitrati, wepesi wa kushika moto na kuharibika. Mabomu ya vita yakaleta hasara zaidi. Kisha, baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, watawala wa Kimarekani walipiga marufuku sinema zaidi ya 200, wakizishutumu kwa kusifu ukabaila na vita. Nakala nyingi zikachomwa.

Tumtazame Sadao Yamanaka. Aliongoza sinema zaidi ya 20, akafariki kwa maradhi mwaka 1938 akiwa askari nchini China, naye ana umri wa miaka 28. Zilizosalia kamili ni 3 tu. Ya mwisho, Ninjo Kami Fusen ya mwaka 1937, yaanza na kifo cha samurai mzee aliyejinyonga katika mtaa wa mafukara. Kwa nini hakujiua kwa upanga, kama ilivyokuwa desturi ya tabaka lake? Upanga alikwisha kuuuza apate kula. Kwa tukio hilo moja, fahari yote ya samurai yavuliwa joho lake.

Waliookoa masalio hayo wastahili shukrani. Shunsui Matsuda alikuwa benshi, yaani msimulizi asimamaye kando ya kiwambo akiifasiri sinema isiyo na sauti. Baada ya vita alijitolea kukusanya nakala zilizobaki. Mwaka 1991, sehemu ya Chuji Tabi Nikki, kazi ya Daisuke Ito ya mwaka 1927 iliyodhaniwa imepotea, iligunduliwa Hiroshima.

Basi kukusanya si anasa ya wenye nafasi. Sanaa isiyotunzwa haiwezi kujitetea. Huhukumiwa kwa machache yaliyosalia.