Halmashauri za Miji na Makampuni ya Kutunza Miti Nchini Uingereza: Historia ya Ushindani

Utangulizi

Katika miji ya Uingereza kazi ya kupogoa na kukata miti hufanywa na makundi mawili. La kwanza ni vikosi vya halmashauri za miji, vinavyolipwa kwa fedha za umma. La pili ni makampuni ya watu binafsi, mengi yao madogo, yenye gari moja, kamba, misumeno ya injini na mafundi wawili watatu. Halmashauri ni baraza lililochaguliwa na wakaaji, lenye uwezo wa kutoza kodi na kuajiri. Msomaji wa Kongo aweza kuifananisha na komini, ingawa madaraka ya vyombo hivyo viwili hayalingani. Ugomvi baina ya halmashauri na wakandarasi ulianza kabla ya biashara ya miti yenyewe, na Bunge limetunga sheria nyingi za kuutuliza. Makala haya yaonyesha kwamba sheria hizo zilishughulika zaidi na bei na hesabu, ilhali katika kazi ya miti kiini cha ugomvi ni kibali: halmashauri ndiyo iamuayo mti upi ukatwe, na yenyewe yaweza pia kuuza kazi ya kuukata.

1. Mipaka ya kwanza

Baraza la Jiji la London, lililoanza kazi mwaka 1889, liliunda idara yake ya ujenzi katika miaka ya 1892 na 1893. Sababu haikuwa nadharia tupu. Wakandarasi walishukiwa kupatana kwa siri juu ya bei, na zabuni zao nyingine zilizidi mno makadirio ya mhandisi wa baraza. Wapinzani nao walidai kwamba chombo cha umma hakijui hasara, kwa kuwa upungufu wake hufidiwa na mlipa kodi. Uchaguzi wa 1907 ulileta wingi wa wapinzani hao barazani, na idara ikafungwa mwaka 1909.

Mahakama ziliweka mpaka wa pili. Halmashauri ya Fulham ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kuwapa wakaaji mahali pa kufulia nguo zao. Ilipoanza kuwafulia kwa malipo, mahakama iliamua mwaka 1921 kwamba imevuka mamlaka yake. Kinyume chake, halmashauri ya Smethwick iliruhusiwa mwaka 1932 kuendesha kiwanda cha uchapaji kwa mahitaji yake yenyewe. Kanuni ikawa wazi: halmashauri yaweza kujifanyia kazi yake, lakini haiwezi kuwa mfanya biashara pasipo idhini ya Bunge. Sheria ya 1970 ililegeza kanuni hiyo kidogo, ikiziruhusu halmashauri kuuziana huduma zenyewe kwa zenyewe na kuviuzia vyombo vingine vya umma. Mwenye nyumba wa kawaida alibaki kuwa mteja wa kampuni binafsi.

2. Miti yapata soko

Misiba miwili iliikuza kazi ya miti. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, ugonjwa wa kuvu ulioenezwa na wadudu wa magome uliua zaidi ya miti milioni 20 ya aina ya elmu. Kisha usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Oktoba 1987 dhoruba iliangusha miti ipatayo milioni 15 kusini-mashariki mwa nchi. Mizoga ya elmu ilihitaji kuondolewa, na barabara zilihitaji kufunguliwa. Msumeno wa injini ulikuwa umekwisha kuwa chombo cha kawaida, hata fundi mwenye mtaji mdogo aliweza kujitegemea.

Wakati huohuo halmashauri ilikuwa na cheo kingine juu ya miti. Chini ya sheria ya mipango miji ya 1947, na zile zilizoifuata, halmashauri yaweza kutoa amri ya kuhifadhi mti hata kama umo katika ua wa mtu binafsi. Kuukata au kuupogoa mti wa namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Mwenye mti akinyimwa kibali, aweza kukata rufaa kwa waziri. Katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya urithi wa majengo, anayetaka kukata mti sharti aiarifu halmashauri majuma 6 kabla.

3. Enzi ya zabuni za lazima

Serikali ya Margaret Thatcher haikuziamini idara za kazi za halmashauri. Sheria ya 1980 ilizilazimisha zile za ujenzi na ukarabati kutunza hesabu za peke yake, kushindana kwa zabuni, na kupata faida ya asilimia 5 ya mtaji. Sheria ya 1988 ilipanua utaratibu huo hata kwenye usafi, upishi, magari na utunzaji wa viwanja. Na katika utunzaji wa viwanja ilitaja waziwazi upandaji na utunzaji wa miti. Halmashauri ikagawanyika ndani yake: ofisi moja ikawa mteja, nyingine ikawa mkandarasi.

Matokeo hayakuwa yale yaliyotazamiwa na pande zote. Vikosi vya halmashauri vilishinda sehemu kubwa ya zabuni, lakini mara nyingi kwa kupunguza wafanyakazi na kubana masharti ya kazi. Makampuni binafsi yalilalamika kwamba mtoa zabuni na mshindani walikaa chini ya paa moja. Vyama vya wafanyakazi vililalamika kwamba aliyelipia ushindi huo ni mwenye kupanda mti kwa kamba. Zabuni za lazima zilifutwa rasmi nchini humo tarehe 2 Januari 2000.

4. Ruhusa ya kuuza

Sheria ya 2003 iligeuza mkondo. Halmashauri iliruhusiwa kutoza ada kwa huduma isizolazimika kutoa, mradi mapato yasizidi gharama. Na ikitaka faida, ifanye biashara kupitia kampuni. Sheria ya 2011 ilipanua uwezo wa jumla wa halmashauri, lakini ilibakiza sharti la kampuni. Kwa kuwa fedha kutoka serikali kuu zilipungua sana baada ya 2010, kuuza kazi kwa wenye nyumba kulivutia zaidi.

Hoja za pande mbili zina uzito. Kampuni ndogo husema: gari la halmashauri, karakana na bima vimelipiwa na kodi, ikiwamo kodi ya mshindani mwenyewe, nembo ya mji ubavuni mwa gari ni tangazo lisilonunulika. Halmashauri hujibu: kikosi sharti kiwepo kwa ajili ya dhoruba, na ni afadhali kifanye kazi siku za utulivu kuliko kukaa bure, faida nayo hurudi kwenye bustani na shule.

5. Kibali na msumeno

Hata hivyo hesabu zikiwa safi kabisa, swali moja husalia. Mwenye nyumba aomba kibali cha kukata mti uliohifadhiwa. Afisa wa miti akataa, akaruhusu kupogoa tu. Kisha kikosi cha halmashauri hiyohiyo chatoa bei ya kupogoa. Afisa aweza kuwa mwadilifu kabisa, lakini jirani na mshindani watashuku. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na methali hiyo yahusu hata kampuni binafsi, kwa kuwa alipwaye kwa kukata ana sababu ya kushauri kukata.

Mji wa Sheffield ulionyesha hatari ya upande huo wa pili. Mwaka 2012 halmashauri iliipa kampuni ya Amey mkataba wa barabara wa miaka 25, wenye thamani ya pauni bilioni 2.2 hivi. Mkataba ulitaja uondoaji na upandaji upya wa miti 17,500 ya mitaani, idadi iliyojulikana kwa umma mwaka 2018 tu. Maelfu ya miti ilikatwa; wakaaji waliokingia miti mwili walikamatwa, na baadhi yao wakafikishwa mahakamani. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Mark Lowcock, uliotoa ripoti Machi 2023, uliilaumu halmashauri, na mwaka huohuo ikaomba radhi hadharani. Kazi ilikuwa imekabidhiwa kwa mkandarasi, lakini lawama haikukabidhika.

Hitimisho

Kwa zaidi ya karne moja Uingereza imejaribu kuifunga idara ya umma, kuishindanisha, kisha kuiruhusu ifanye biashara. Kila hatua ilitibu ugonjwa wa bei. Ugonjwa wa kibali wahitaji dawa nyingine: afisa aamuaye asiwe chini ya mkuu wa idara iuzayo, na sababu za kila uamuzi ziwe wazi kwa wakaaji. Msumeno waweza kushikwa na mtumishi wa umma au na mkandarasi. Mti wa miaka 100 ukishakatwa kwa uamuzi mbaya, hakuna zabuni iwezayo kuurudisha.