Uwanja Kwanza, Msimu Baadaye

Historia ya kandanda nchini Kenya husimuliwa kwa majina ya wachezaji na makocha. Ukiitazama kutoka magharibi mwa Nairobi, ambako Kibera na Kawangware zimekaa kati ya kambi za zamani za jeshi na misheni za Kikuyu, swali la kwanza linakuwa jingine: nani alikuwa na ardhi? Dk. John Arthur, daktari Mskoti, alifika katika misheni ya Thogoto, Kikuyu, mwaka 1907, na baada ya muda si mrefu wanafunzi wake wakawa wanacheza mpira. Kwake mchezo ulikuwa sehemu ya malezi: ungewajengea vijana nidhamu, uvumilivu na moyo wa kujitolea. Tarehe 1 Machi 1926 Alliance High School ikafungua milango hapo Kikuyu, na mwaka huohuo Kenya na Uganda zikaanza kuwania Kombe la Gossage. Wamisheni waliamini kuwa tabia njema ndiyo iliyozaa timu zao. Nadhani walisahau kilichokuwa chini ya miguu yao. Shule ilikuwa na kengele, mihula na mwalimu wa kupanga mechi, lakini hayo yote yalisimama juu ya kipande cha ardhi ambacho hakuna mtu angekuja kukijengea nyumba wakati wa likizo.

Kibera inaithibitisha hoja hii. Askari wa Kisudani wa King's African Rifles, mababu wa Wanubi wa leo, walianza kupewa makazi hapo mwaka 1904. Eneo lao lilipimwa kuwa ekari 4,197 na kutangazwa katika gazeti rasmi mwaka 1918. Hawa walikuwa watu wa gwaride na amri. Kama nidhamu peke yake ingetosha kuzaa misimu ya mpira, Kibera ingezitangulia shule zote. Lakini mwaka 1928 eneo likatolewa mikononi mwa jeshi, na miaka michache baadaye Tume ya Carter iliyochunguza masuala ya ardhi ikawahesabu wakazi wake kuwa wapangaji tu wa serikali. Asiye na hakika ya kulala kwake hawezi kutenga uwanja kwa ajili ya wajukuu. Baada ya uhuru mitaa kama Ayany na Fort Jesus ikajengwa juu ya ardhi hiyo, na Wanubi walipokabidhiwa hati ya jumuiya mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Huenda mtu akasema kwamba basi dawa ni hati miliki. Kawangware inamjibu. Huko ardhi ilikuwa ya koo za Wakikuyu, na mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukaharakisha utoaji wa hati kwa mtu mmojammoja. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa, Dagoretti, pamoja na Kawangware yake, ikaingia mjini na wapangaji wakaanza kumiminika. Mwenye ploti alijenga vyumba vya mabati kwa sababu kodi humlipia mtoto karo, na uwanja haumlipii. Hakukosea, alifanya ambalo mzazi yeyote angefanya. Ila wamiliki mia wakifanya hesabu hiyohiyo, mtaa mzima unabaki bila pa kuchezea. Kibera ilikosa hati, Kawangware ilikuwa nazo, na watoto wa pande zote mbili wakajikuta wakipiga mpira wa juala katika vichochoro. Kilichokosekana kote kuwili ni ardhi ya wote, yenye chombo cha kuilinda, kama ile ya misheni.

Pingamizi zito zaidi ni la vipaji. Mshambuliaji Dennis Oliech alipitia klabu ya Dagoretti Santos kabla ya kuifungia timu ya taifa, Harambee Stars, mabao, na tangu mwaka 2001 shirika la Carolina for Kibera limekuwa likiwakutanisha vijana wa makabila mbalimbali kupitia ligi ya mpira. Je, si ushahidi kwamba mpira huota popote? Mchezo huota popote, ni kweli. Msimu hauoti popote. Ligi inahitaji mahali ambapo Jumamosi ijayo patakuwapo, na ndiyo maana waandaaji wa mitaani hutegemea viwanja vya shule za msingi na vile vichache vya umma, kama wa Joseph Kang'ethe kule Woodley. Hata klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968 na kupendwa na maelfu ya watu wa mitaa hii, ilikua ikicheza City Stadium, mali ya umma. Kipaji kimoja kinachopenya hakituambii ni vingapi vilivyokwama.

Kwa hiyo tunapolaumu vijana wa Kibera na Kawangware kwa kukosa nidhamu ya shule za zamani, tunawadai matunda ya shamba ambalo hawakupewa. Katiba ya mwaka 2010 inatambua ardhi ya umma na ya jumuiya. Kaunti inaweza kupima kila uwanja uliobaki, kuusajili na kuuwekea mipaka, na jumuiya ya Wanubi inaweza kutenga wake ndani ya zile ekari 288. Wamisheni walifika na mpira na kanuni zake, lakini kilichozidumisha timu zao ni ardhi isiyouzwa. Hilo ndilo la kuiga kwao, na ni juu ya serikali kulitenda kabla ya kuwahubiria vijana.