Fisi maji, bundi na birika la chai

Wandugu, leo naomba mfanye kitu kimoja kabla hatujaendelea. Chukua birika lako la umeme, hakikisha halina maji na halipo kwenye umeme, kisha ligeuze kichwa chini. Utaona kidude cha plastiki cha duara chenye tundu katikati. Kisome vizuri. Jina la birika lenyewe linaweza kuwa lolote, na Kariakoo mabirika yana majina hata mwenye duka hayajui. Lakini kwenye mengi, hapo chini pameandikwa neno dogo: Strix.

Huyo Strix hauzi mabirika hayo. Anauza hicho kidude tu. Na kidude hicho kina historia ya baba na mtoto ambayo nadhani sisi vijana wa mjini wenye vyeti vyetu inatuhusu sana.

Tuanzie kwenye vita. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia marubani wa Uingereza walikuwa wanaruka usiku kwenda kulipua miji ya Ujerumani. Huko juu baridi inaweza kufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na ndege za wakati ule hazikuwa na joto la maana ndani. Aliyekuwa anaumia zaidi ni mpiga bunduki wa nyuma, amekaa peke yake mkiani saa nyingi. Mtu akiganda vidole hawezi kufyatua risasi.

Mwingereza mmoja, Eric Taylor, alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya Baxter, Woodhouse & Taylor iliyokuwa inashona mavazi ya warukaji. Wakatengeneza suti zenye nyaya ndani zinazopata joto kwa umeme wa ndege. Wazo zuri, ila lina tatizo: nani atazima joto likizidi? Rubani akiachwa aungue ndani ya suti yake mwenyewe itakuwa haina maana. Ilitakiwa swichi ndogo, nyepesi, inayojizima na kujiwasha yenyewe.

Hapa inabidi niwarudishe sekondari, kwenye somo la fizikia. Mnakumbuka ule ukanda wa metali mbili zilizogandishwa pamoja? Ukiupasha joto unapinda, kwa sababu metali moja inatanuka kuliko nyingine. Wengi tulikariri tukajibu mtihani tukasahau. Ukanda huo ulibuniwa karne ya 18 na fundi saa wa Uingereza, John Harrison, aliyekuwa anahangaika kutengeneza saa ya baharini isiyopotea majira kwa sababu ya joto na baridi. Shikeni hilo jina la Harrison, tutalirudia.

Tatizo la ukanda wa kawaida ni kwamba unapinda polepole. Swichi ikiachana polepole inatoa cheche, na cheche zinaunguza zile ncha zinazogusana. Leo birika la wati 2,200 kwenye umeme wetu wa volti 230 linavuta karibu ampea 10. Ukikata umeme wa kiasi hicho taratibu, swichi itakufa mapema. Alichofanya Taylor ni kutengeneza kibati chembamba cha metali mbili kilichofinyangwa kwa namna ambayo kinavumilia, kinavumilia, halafu ghafla kinaruka upande wa pili. Tak! Ule mlio mnaousikia maji yakichemka ndio huo.

Vita ikaisha. Suti za marubani zikakosa wateja, lakini kile kibati kikabaki na maisha yake. Mwaka 1946 Eric Taylor akaanzisha kampuni ya Otter Controls, huko Buxton, katikati ya Uingereza. Otter kwa Kiswahili ni fisi maji. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, familia ikafungua kiwanda kingine, Castletown Thermostats, kwenye kisiwa kinaitwa Isle of Man.

Hicho kisiwa kipo baharini kati ya Uingereza na Ireland. Kina kilomita za mraba 572, maana yake ni kidogo kuliko Pemba. Wakazi wake ni kama 84,000 tu. Kina bunge lake na noti zake, hakihesabiki kuwa sehemu ya Uingereza ingawa kiko chini ya mfalme wao, na kodi yake ni nafuu, jambo ambalo wenye viwanda hawakulidharau. Hakina chuma cha kutisha wala soko kubwa. Na huko ndiko kulikotoka vidude vya mabirika ya nusu ya dunia.

Eric alikuwa na mtoto anaitwa John, aliyezaliwa mwaka 1936. Kijana huyu alikuwa na shida ya kusoma na kuandika ile wataalamu wanayoiita disleksia, herufi zinamchanganya. Huku kwetu angeitwa mjinga na kukalishwa dawati la nyuma. Bahati yake alikuwa na kichwa cha kuona vitu vikizunguka na kufanya kazi. Akasoma sayansi Cambridge, chuo cha Corpus Christi, akamaliza mwaka 1959.

Sasa jiulize, kijana katoka Cambridge, anakwenda wapi? Yeye alirudi kwenye kiwanda cha baba yake. Akaanza kuchezea vibati.

Sio kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kutengeneza birika linalojizima, tusipotoshe historia. Kampuni ya Russell Hobbs ilishatoa birika kama hilo mwaka 1955. Mvuke ulikuwa unapita kwenye tundu, unapasha ukanda wa metali mbili, swichi inaachia. Mchango wa John Taylor ni kukifanya kidude hicho kiwe kidogo, cha bei rahisi na cha kuaminika, kiasi kwamba mtengenezaji yeyote wa mabirika angeweza kukinunua na kukipachika. Hakushindana na wenye majina makubwa, aliwauzia wote! Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Isle of Man ukajitenga na Otter, ukachukua jina la Strix. Neno hilo ni jina la kisayansi la jamii fulani ya bundi. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, kwao amekuwa nembo ya biashara. Fisi maji na bundi, waliotoka nyumba moja, wakawa washindani kwenye soko moja.

Wahandisi wa Strix pia ndio walioeneza kile kitako ambacho unaweza kuweka birika upande wowote, likageuka duara zima. Kabla ya hapo waya ulikuwa umechomekwa kwenye birika lenyewe, na mtoto akivuta waya maji ya moto yanamwagikia. John Taylor ana hataza zaidi ya 400 kwa jina lake.

Mambo mawili ya manufaa kwa matumizi ya nyumbani. Kwanza, ukiacha mfuniko wazi birika halijizimi, kwa sababu mvuke unatoka juu badala ya kushuka kwenye kidude. Pili, ndani ya birika zuri kuna kibati kingine kinachogusa kitako. Hicho ni mlinzi wa zamu ya usiku: maji yakikauka, au ukiwasha birika tupu, kitako kinapata moto kupita kiasi na kibati kinakata umeme kabla plastiki haijashika moto. Na msidhani kidude kinasubiri nyuzi 100. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa chini ya nyuzi 95, na birika linajizima vizuri tu, kwa sababu kibati cha mvuke kimetegwa kuruka mapema zaidi.

Ndiyo maana nikipita kwa mafundi wa mtaani nikasikia mtu anaambiwa "swichi imekufa mzee, nakuunganishia dairekti", moyo unashtuka. Dairekti maana yake umemfukuza mlinzi. Birika litachemsha, ndiyo, na litaendelea kuchemsha hata ukisinzia, kwenye chumba kimoja chenye godoro, pazia na watoto. Elfu chache unazookoa hapo unaweza kuzilipia kwa nyumba nzima.

Turudi kwa familia. Strix wakapeleka sehemu kubwa ya uzalishaji Guangzhou, China, kwa sababu viwanda vya mabirika vilihamia huko. Vile vibati vyenyewe, yaani siri ya nyumba, wakaendelea kuvitengeneza kisiwani. Waigaji hawakukosekana. Mwaka 2010 Strix walitangaza ushindi wa kesi mjini Beijing dhidi ya makampuni mawili ya China yaliyodaiwa kuiga ubunifu wao. Kushinda ugenini si mchezo!

John Taylor alistaafu mwaka 1999. Baada ya hapo kampuni ikapita mikononi mwa mifuko ya uwekezaji, na Agosti 2017 hisa zake zikaanza kuuzwa kwenye soko dogo la hisa la London. Hadithi ya familia ikawa imeishia hapo. Baba akaanzisha, mtoto akakuza, wajukuu hawakurithi kiwanda.

Mzee alifanya nini na fedha? Mwaka 2008 alikirudishia chuo chake cha Cambridge zawadi ya saa kubwa iliyogharimu kama pauni milioni moja, na aliyeizindua ni Stephen Hawking. Uso wake umepakwa dhahabu, hauna mishale, na juu yake kuna mdudu mfano wa panzi wa kutisha anayekula sekunde moja moja. Jina lake kwa Kigiriki ni mla-muda. Inaonyesha saa kamili kila baada ya dakika tano tu, katikati inacheza. Kwa nini panzi? Kwa heshima ya John Harrison, yule yule wa ukanda wa metali mbili, ambaye pia alibuni kifaa cha ndani ya saa kinachoitwa panzi. Mtu alitajirika kwa wazo la fundi aliyekufa mwaka 1776, akaona amshukuru hadharani.

Sasa tuzungumze sisi. Najua mtu ataniambia wale Wazungu walikuwa na mtaji, na ni kweli. Suti za marubani zilinunuliwa na serikali iliyokuwa vitani, kodi ya kisiwa ikawabeba, na kijana alisomeshwa shule ya gharama. Hawakuanza na mikono mitupu. Hata hivyo Dar es Salaam nayo iliwahi kutengeneza redio na betri za National, na tuna SIDO tangu mwaka 1973, na Gerezani pale kuna wazee wanaokunja bati kwa jicho tu bila kipimo.

Ninachokikosa ni yule kijana anayerudi. Mtoto wa fundi wa Gerezani akipata digrii, ukoo mzima unashangilia kwamba ameepukana na nyundo. Anazunguka na bahasha ya kaki miaka miwili akitafuta ofisi yenye kiyoyozi, wakati karakana ya baba inakufa na mzee mwenyewe, pamoja na yote aliyoyajua. Tunapoota viwanda tunaota magari na ndege. Hakuna anayeota kifuniko cha jiko la gesi, mpini wa pasi, au swichi ya birika, wakati kila nyumba mjini inavinunua na vyote vinakuja na meli.

Utajiri wa akina Taylor ulikuwa kibati unachoweza kukificha kwenye kiganja. Kama una baba, mjomba au jirani mwenye karakana, nenda Jumamosi hii ukamuulize anatengeneza nini ambacho hakuna mwingine anakijua. Halafu mje mtuambie mlichokuta.

Alamsiki.