Dume la mbegu

Wafugaji husema "dume la mbegu", lakini mnadani sifa hiyo hupewa kondoo yeyote mwenye kifua kipana na pembe zilizojikunja. Jina lenyewe linadai zaidi ya hapo: mbegu hutengenezwa kwenye korodani, si kwenye pembe. Ndiyo maana wataalamu huzishusha korodani taratibu hadi sehemu ya chini ya mfuko wake, kisha huzungusha utepe wa kupimia mahali palipo panene zaidi. Marekani, dume aliyevuka miezi 14 hutarajiwa kufikisha mzunguko wa angalau sentimita 33, kwa kuwa korodani kubwa kwa kawaida huzalisha mbegu nyingi.

Yupo atakayesema dume anayepanda majike kutwa hahitaji utepe. Kupanda ni hamu tu. Hata dume tasa hupanda, tena bila kuchoka. Pingamizi lenye uzito ni jingine: kondoo mwekundu wa Kimaasai ana umbo dogo, na kipimo cha Marekani kitamwonea. Basi alinganishwe na wa umri na aina yake. Utepe pia hauoni uvimbe wala ugumu. Hayo hugunduliwa kwa vidole. Asiyepimwa aitwe kondoo dume, inatosha.