Mashine ya Eksirei Inapokuja Kitandani kwa Mwanao (Sehemu ya 4)

Leo tuongee kuhusu ile mashine ya eksirei yenye magurudumu, ile inayosukumwa mpaka wodini. Maswali yamekuwa mengi na karibu yote yanafanana: "Nesi, wamekuja na mashine mpaka kwa mtoto wangu njiti, wakatuambia tutoke. Kama ni salama, mbona wao wanakimbia?" Swali zuri. Lakini ili nikujibu vizuri inabidi nikurudishe nyuma zaidi ya miaka 100, maana mashine hii ilizaliwa vitani.

Eksirei yenyewe iligunduliwa Novemba 1895 na Wilhelm Röntgen, kule Würzburg, Ujerumani. Moja ya picha zake za kwanza ilikuwa mkono wa mke wake, mifupa na pete vinaonekana. Dunia ikashangaa. Ndani ya miaka michache hospitali kubwa za Ulaya zikawa na mashine, ila ilikuwa mitambo ya kukaa chumbani. Mgonjwa ndiye anayeifuata. Sasa fikiria mwaka 1914, vita vimeanza Ufaransa, askari ana risasi tumboni, na mashine iko mji mwingine. Daktari anapasua kwa kukisia. Wengi walikufa njiani.

Hapo ndipo anaingia Marie Curie. Huyu mama alikuwa ameshapata tuzo mbili za Nobel, mjane, ana watoto wawili wa kike. Angeweza kukaa zake maabara. Yeye akaanza kuzunguka kwa matajiri wa Paris kuomba magari na pesa. Ndani ya gari akaweka mtambo wa eksirei, kitanda cha kukunja na mapazia ya giza. Tatizo kubwa lilikuwa umeme, maana hospitali nyingi za uwanja wa vita hazikuwa nao kabisa. Akafunga dainamo inayoendeshwa na injini ya gari lenyewe. Gari likifika, linaachwa linaunguruma nje, waya unaingizwa ndani, picha inapigwa. Basi! Askari wakayaita magari hayo "Curie wadogo". Yalifika kama 20, na juu ya hayo alisimamia kuanzishwa kwa vyumba vya eksirei vipatavyo 200. Akajifunza kuendesha gari mwenyewe, na akafundisha wanawake kama 150 kuitumia mitambo hiyo. Msaidizi wake wa karibu alikuwa binti yake Irène, aliyeanza kazi hiyo akiwa na miaka 17. Mwenye binti wa miaka 17 nyumbani ajaribu kumpa picha hiyo.

Ila kinga yao ilikuwa duni mno. Marie alifariki 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoishi nayo miaka yote. Irène naye alifariki 1956 kwa saratani ya damu. Wote walishika pia madini ya mionzi maabara kwa miaka mingi, kwa hiyo huwezi kusema ni yale magari peke yake. Lakini ukiona mtaalamu wa eksirei leo anajivika aproni ya risasi, usidhani ni maringo. Kuna watu walilipa.

Mwaka huohuo wa 1956, daktari mmoja Mwingereza, Alice Stewart, alikuwa anatafuta kwa nini watoto wanakufa kwa saratani ya damu. Alifanya jambo ambalo mimi kama nesi nalipenda sana: aliamua kuwauliza akina mama wenyewe. Mama anakumbuka ujauzito wake kuliko faili lolote. Majibu yakaonyesha kwamba mama aliyepigwa eksirei ya tumbo akiwa mjamzito, mtoto wake alikuwa na uwezekano kama mara mbili wa kupata saratani utotoni. Wakati huo kumpiga mjamzito eksirei lilikuwa jambo la kawaida tu! Wenzake walimpinga kwa miaka mingi, ikachukua kama miaka 20 hadi akubaliwe. Ndiyo maana leo kabla ya picha unaulizwa, "Mama, una ujauzito? Hedhi ya mwisho lini?" Jibu ukweli, hata kama mama mkwe amesimama pembeni.

Bahati nzuri njia nyingine ilikuwa inapikwa Glasgow, Scotland. Mwaka 1955 Dokta Ian Donald, bingwa wa uzazi, alipakia kwenye buti za magari uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake, pamoja na pande la nyama ya ng'ombe kwa kulinganisha, akaenda kiwandani. Kiwanda hicho kilikuwa na kifaa cha kutafuta nyufa kwenye vyuma kwa kutumia mawimbi ya sauti. Akaona mwangwi wa uvimbe wa maji na wa nyama haufanani. Mwaka 1958 yeye na wenzake, akiwemo injinia kijana Tom Brown, wakachapisha matokeo. Ndiyo altrasaundi unayopimwa kliniki, isiyo na mionzi kabisa. Kati ya wagonjwa wao alikuwepo mama aliyeambiwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Kipimo kikaonyesha ni uvimbe wa maji kwenye ovari. Akafanyiwa upasuaji, akapona.

Hapa tena vita vilisukuma. Mashine hizo zilikuwa kubwa, na miaka ya 1990 jeshi la Marekani lilitoa fedha itengenezwe altrasaundi ya kubebwa na mtu mmoja. Mwaka 1999 ikatoka ya kampuni ya SonoSite, chini ya kilo 3. Leo ziko zinazochomekwa kwenye simu.

Sasa turudi kwenye swali lako. Mashine ya wodini ina betri, kwa hiyo haimtegemei soketi ukutani. Ina mkono mrefu wa kufika juu ya kitanda, na mpini ambao ukiuachia breki zinashika, isije ikamgonga mtu. Kitufe cha kupigia kina waya mrefu, ili mpigaji asimame mbali. Umbali ndio kinga kubwa: ukitoka mita 1 hadi mita 2, mionzi inayokufikia inabaki robo.

Mwanao anapigwa picha moja, pengine chache, na kipimo cha kifua cha mtoto mchanga ni kidogo, karibu sawa na mionzi ya asili anayopata kwa siku chache akiwa nyumbani. Mtaalamu anapiga picha nyingi kila siku, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana anasogea. Wewe unatolewa kwa sababu picha hiyo haikusaidii wewe, na pengine umebeba mwingine tumboni bila kujua.

Kwa hiyo usikatae picha kwa woga. Mtoto njiti anayehema kwa shida, daktari anahitaji kuona mapafu, na kumwondoa kwenye joto na oksijeni kumpeleka chumba cha eksirei ni hatari kubwa zaidi. Una haki ya kuuliza: inatafutwa nini? Ilishapigwa nyingine juzi? Altrasaundi haiwezi kuonyesha? Na ukiombwa kumshika mtoto, dai aproni kabla hujamgusa, na kama una ujauzito sema hapohapo, ashike mwingine.

Sehemu ya 5 ni CT. Hiyo mionzi yake ni mingi zaidi, njooni na maswali.